Zilitengwa Ngapi, Zilitoka Ngapi?

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Maji, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo."

Mtanzania aliyekulia karibu na redio anaijua sentensi hii kama anavyojua wimbo wa taarifa ya habari. Kijiweni kwetu alikuwapo mzee mmoja ambaye akiisikia tu, anageukia bao lake. "Wameshafika kwenye kama ifuatavyo," anasema, "hapo maji hamna tena." Sisi vijana tunacheka. Miaka baadaye nilipoanza kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwa sababu za kazi, niligundua kwamba mzee alikuwa sahihi nusu. Ni kweli jibu lenyewe mara nyingi ni kavu. Lakini ndani yake huwa kuna vitenzi viwili vitatu ambavyo mbunge mjanja akivishika, waziri anaanza kutafuta maji ya kunywa mezani.

Tuanze na swali lenyewe linavyozaliwa, maana wengi tunadhani mbunge anasimama tu na kuuliza. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na silaha ya kwanza inayoitaja ni hiyo: kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwenye karatasi ni uwanja mpana. Kanuni za Kudumu za Bunge ndizo zinazoweka uzio. Swali la kawaida huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema; hukaguliwa lisije likawa hotuba iliyovaa alama ya kuuliza, wala lisiguse kesi iliyo mahakamani; kisha hutumwa wizarani.

Huko wizarani halikai mezani kwa waziri. Linashuka idarani, kutoka hapo linakwenda mkoani, halafu wilayani, ambako mhandisi fulani anaandika aya mbili za ukweli anaoujua. Halafu linapanda tena ngazi zile zile, na kila ngazi inalipiga pasi. Mhandisi aliandika kwamba mkandarasi ameondoka kwa sababu hajalipwa. Likifika Dodoma limeshakuwa "kumekuwepo na changamoto za kimkataba ambazo Serikali inaendelea kuzitatua". Naibu waziri anayelisoma asubuhi ile, saa tatu na ushee, huenda hajawahi kukanyaga kata inayotajwa.

Kwa hiyo jibu la msingi ni uji uliopikwa jana. Kinachopikwa papo hapo ni maswali ya nyongeza. Mwenye swali hupewa nafasi ya kuuliza mawili, na wengine wanaosimama Spika akiwaona huuliza moja moja. Hapo hakuna aliyeandikiwa. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, nafasi nyingi zaidi hupotea. Sikiliza asubuhi yoyote. Mbunge atatumia nusu dakika kushukuru, kisha atauliza: "Je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami baada ya Bunge hili kwenda kujionea hali halisi?" Naibu Waziri yuko tayari. Huwa yuko tayari siku zote. Makofi, swali linalofuata.

Si kwamba wabunge hawajui. Swali la aina hiyo lina kazi yake: sauti inarekodiwa, inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jimbo, wapiga kura wanaona mtu wao anasema. Na waziri akija kweli, kuna mkutano wa hadhara. Ila kama lengo lilikuwa kujua fedha zimekwenda wapi, limeshapita.

Hebu tulichukue jibu moja la kutunga, lililoshonwa kwa vitambaa halisi, tulifumue. Kata fulani ina mradi wa maji uliosimama. Mbunge anauliza ni lini utakamilika. Jibu: "Serikali inatambua umuhimu wa mradi huu. Katika mwaka wa fedha uliopita Serikali ilitenga shilingi milioni 800, na katika mwaka huu imetenga shilingi bilioni 1.2 kwa ajili ya kuendelea na ujenzi. Kazi zitaendelea kadiri ya upatikanaji wa fedha."

Anayesikiliza kwa haraka anajumlisha: bilioni mbili! Hesabu hiyo ndiyo mtego. Kutenga fedha ni kuiandika kwenye kitabu cha bajeti. Bunge likishapitisha, fedha hiyo *imeidhinishwa*, maana yake wizara imeruhusiwa kuitumia itakapopatikana. Hazina inaigawa kadiri makusanyo ya kodi, mikopo na misaada yanavyoingia. Mishahara na madeni ya taifa havisubiri, kwa hiyo mwezi ukiwa mbaya, kinachosogezwa mbele ni miradi ya maendeleo. Fedha ikishatoka Hazina ndipo tunasema *imetolewa*. Mkandarasi akilipwa, ndipo *imetumika*. Kati ya kitenzi cha kwanza na cha mwisho panaweza kupita mwaka mzima, na milioni 800 zinaweza kufika 200, au zisifike kabisa.

Kuna na tarehe. Mwaka wa fedha wetu unafungwa tarehe 30 Juni. Fedha inayotolewa wiki ya mwisho ya Juni haijengi kitu, na isipotumika hutakiwa kurudi Hazina kama taratibu za kuibakiza hazikufuatwa. Ni mvua iliyonyesha watu wakiwa wameshavuna. Lakini kwenye taarifa ya utekelezaji itaonekana imetolewa, na naibu waziri ataitaja bila kudanganya.

Sasa mbunge aliyejiandaa anauliza swali la nyongeza la sekunde kumi: "Kati ya milioni 800 za mwaka jana, zilitoka ngapi, na zilitoka tarehe ngapi?" Hapo hakuna pa kujificha. Ama waziri ana takwimu, ama anaomba kuipata na kuileta kwa maandishi, na ahadi hiyo inaingia kwenye Hansard. Niliwahi kumsikia mbunge mmoja wa muda mrefu akisema kwamba yeye hamwulizi waziri ili ajue. Anamwuliza ili waziri aseme mwenyewe, mbele ya kipaza sauti. Jibu alikuwa nalo mfukoni.

Alhamisi utaratibu hubadilika. Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo kwa dakika zisizozidi 30, utaratibu ulioanza enzi za Spika Samuel Sitta. Maswali hayo hayapelekwi mapema na yanatakiwa kuwa ya sera, si ya kisima cha kijiji. Ni kipindi kinachotazamwa sana, na tumekiiga kwa Waingereza, ambao kwao Waziri Mkuu huulizwa Jumatano adhuhuri. Dodoma kuna ustaarabu zaidi na kelele chache. Mara nyingi Waziri Mkuu hujibu kwa hotuba fupi iliyotulia, na dakika 30 humezwa na watu wachache. Kwa habari za jioni panafaa. Kwa fedha, sogea hadi kipindi cha bajeti.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shilingi.

Kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, kila waziri husimama kuomba fedha za wizara yake. Wabunge wakishachangia na waziri akahitimisha hoja, Bunge zima hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi. Spika anaitwa Mwenyekiti kwa muda, na ndiyo maana utasikia "Mheshimiwa Mwenyekiti" badala ya "Mheshimiwa Spika". Katibu mezani anaanza kuyasoma mafungu: Fungu 49 ndiyo Maji, Fungu 52 ni Afya, Fungu 46 ni Elimu. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya vifungu kuna kasma, yaani mistari ya matumizi mamoja mamoja. Kifungu 1001, cha utawala na rasilimali watu, ndicho kinachobeba mshahara wa waziri. Kikisomwa tu, wabunge wanasimama kama waliochomwa na sindano.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha, nakusudia kushika shilingi."

Maana yake anakusudia kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri. Shilingi moja, sarafu ambayo dukani haipati hata kiberiti. Ni alama tu ya kusema: siridhiki na sera hii, na sikuruhusu upite hadi unijibu. Lakini tofauti yake na swali la asubuhi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Asubuhi, waziri akijibu vibaya, zamu inapita kwa mwingine. Hapa, waziri anahitaji kitu kutoka kwa Bunge, na hakipati hadi Bunge liseme ndiyo. Mbunge akishaishika shilingi, wengine wanaruhusiwa kuijadili hoja yake, na mara nyingine hata wa chama tawala wanasimama mmoja baada ya mwingine kumuunga mkono. Waziri anatazama nyuma kwa wataalamu wake, vikaratasi vinaanza kupita. Ukiona vikaratasi vinapita, ujue swali limefika.

Kisha huja sehemu ambayo mimi huitazama kama tamthilia. Waziri anatoa ahadi yenye tarehe, au anakubali kukutana na mbunge pembeni. Mwenyekiti anauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Mheshimiwa, unarudisha shilingi?" Na Mheshimiwa, mara nyingi sana, anarudisha. Waliobaki na shilingi mkononi hadi kura ikapigwa ni wachache, na kura zenyewe kwa kawaida hushindwa. Watani wamesema wabunge wetu wanashika shilingi kama mtu anayeshika kaa la moto. Lakini ahadi imeshatolewa, na mwaka unaofuata kamati ya kisekta itaikuta kwenye randama, yale makabrasha ya bajeti yanayoeleza wizara iliomba nini, ilipewa nini na imefanya nini. Mbunge anayesoma randama hadi mwisho ni wa kuogopwa kuliko kumi wanaojua kupaza sauti.

Tatizo jingine ni saa. Muda wa wizara ukikaribia kuisha, vifungu vilivyobaki havijadiliwi tena; vinapitishwa kwa mkupuo, na wenyewe wanaiita gilotini. Katibu anasoma, Mwenyekiti anahoji, "ndiyo" inasikika, mabilioni yanapita kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwa hiyo waziri mwenye maneno mengi kwenye kifungu cha kwanza hazungumzi bure. Anakula saa.

Kuna jambo moja ambalo mijadala ya mitandaoni hulichanganya kila mara, na inafaa lisemwe polepole: waziri hasaini malipo. Mwenye jukumu la fedha za wizara kisheria ni Katibu Mkuu, ndiye Afisa Masuuli. Waziri anajibu ukumbini kuhusu sera. Katibu Mkuu anajibu kwenye chumba cha kamati kuhusu risiti. Ukitaka kujua kwa nini kivuko kimenunuliwa, mwulize waziri. Ukitaka kujua kwa nini kimenunuliwa kwa bei ile, nenda Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, au ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambako maofisa masuuli hukaa na wahasibu wao pembeni na mafaili mbele yao. Huko hakuna makofi wala dakika tatu za kuchangia. Anayeulizwa anaweza kukaa saa nzima kwenye ukurasa mmoja.

Na kamati hizo huona kwa macho ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Ripoti yake hukabidhiwa kwa Rais, na Ibara ya 143 inataka iwasilishwe bungeni katika kikao kinachofuata kabla ya siku saba kupita. Ndiyo maana kila Aprili magazeti hujaa hoja za ukaguzi. Bila CAG, PAC ni mtu anayehesabu nyota kwa tochi. Tuliliona hilo mwaka 2019 Bunge lilipopitisha azimio la kutofanya kazi na CAG wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Chombo kilikataa kufanya kazi na mtu anayekiletea taarifa za kazi yake. Bado napata shida kuieleza hadithi hiyo kwa wageni.

Vipande hivi vyote vikifungamana, waziri huanguka. Sakata la Escrow ya Tegeta ndilo mfano ninaoupenda, kwa sababu unaonyesha mnyororo mzima. Mwaka 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alilishikilia suala la fedha, zaidi ya shilingi bilioni 300 kwa hesabu zilizotajwa, zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu kutokana na mgogoro wa shirika la umeme, TANESCO, na kampuni ya kufua umeme, IPTL. Mwanzoni ilikuwa kelele ya ukumbini tu. Yeye na Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, walitupiana maneno ambayo Hansard ingefurahi kuyasahau. Kelele zile peke yake zisingemwondoa mtu. Kilichobadilisha mambo ni CAG kuagizwa kukagua, kisha PAC chini ya Zitto Kabwe kuisoma taarifa yake ukurasa kwa ukurasa na kuileta ukumbini Novemba. Desemba Werema alijiuzulu na Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Sospeter Muhongo wa Nishati naye akajiuzulu.

Kabla ya hapo kulikuwa na Richmond, sakata la mkataba wa umeme wa dharura, ambako kamati teule ya Harrison Mwakyembe ilileta ripoti iliyosababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008 pamoja na mawaziri wawili. Na mwaka 2012, ripoti za CAG zilipowasha moto, Zitto alikusanya saini za wabunge zaidi ya 70 ili kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14. Hoja haikufika ukumbini. Lakini Mei mwaka huo Rais Kikwete alipanga upya baraza, na mawaziri sita wakabaki nje.

Angalia nani aliyewaondoa. Mara zote hizo, Bunge lilisukuma, lakini mlango ulifunguliwa na mtu mwingine: mhusika mwenyewe kwa kujiuzulu, au Rais. Bunge la Tanzania linaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura. Kwa waziri mmoja mmoja lina azimio na aibu tu. Tena mawaziri wetu ni wabunge. Waziri Katiba inataka atoke bungeni, kwa hiyo kila mbunge wa chama tawala anayeuliza leo anajua kwamba kesho simu inaweza kulia kutoka Ikulu. Na Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mtu aliyeuza shamba kugharimia kampeni hapendi kurudi jimboni mapema. Ukiyajua haya matatu, unaelewa kwa nini shilingi inarudishwa.

Wakenya walijaribu njia nyingine. Katiba yao ya 2010 ilitenganisha: waziri hawi mbunge. Wazo lilikuwa zuri, kwamba anayeulizwa na anayeuliza wasikae benchi moja. Lakini kwa kuwa mawaziri hawakuwa tena ukumbini, kuanzia 2013 walihojiwa kwenye kamati, na wabunge wakalalamika kwamba majibu yanachelewa na wananchi hawayaoni. Mwaka 2023 kanuni zilibadilishwa na mawaziri wakaanza kuitwa mbele ya bunge zima kujibu wenyewe. Nimewatazama mara kadhaa, na kitu kimoja kinanivutia: waziri anakuja peke yake, hana kiti chake ndani, anasimama kama mgeni aliyeitwa na wenye nyumba.

Kenya pia ina njia ya kumwondoa waziri mmoja. Wabunge wakipitisha hoja, kamati ya watu 11 huchunguza. Mei 2024 waziri wa kilimo, Mithika Linturi, alifikishwa huko kwa sakata la mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku. Kamati ikamsafisha. Miezi miwili baadaye, Julai 11, baada ya maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha, Rais Ruto alilivunja karibu baraza zima, na Linturi akaondoka pamoja na wenzake.

Hansard za Dodoma na za Nairobi zote zipo mtandaoni, wazi kwa yeyote. Ukiwa na jioni moja ya bure, tafuta jina la kata yako au mradi wako, na usome majibu ya miaka mitatu mfululizo ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila penye "imetenga". Kisha tafuta "imetolewa". Mimi nilifanya hivyo kwa barabara inayopita kijijini kwa bibi yangu: upembuzi yakinifu, kisha usanifu wa kina, kisha upembuzi yakinifu tena, na kilometa zilizopungua kutoka jibu moja hadi jingine bila mtu yeyote kuuliza zilipokwenda. Mbunge alikuwa ameuliza mara zote. Mara zote naibu waziri alikuwa tayari kuambatana naye.